Kugandisha viporo vya sosi ya krimu

Kiporo cha kuku wa sosi ya krimu kikitoka friza huweza kukuvunja moyo. Maji yametuama pembeni ya bakuli, mafuta yanaelea juu kwa matone ya manjano, na katikati kumejaa chengachenga nyeupe. Wengi hukimwaga wakidhani kimeoza. Hakijaoza, kimekatika tu, na mara nyingi kinarudi. Lakini ni heri kujua kwanza kinachokikata, maana hapo ndipo unapojua kipi kinafaa kwenda friza na kipi uachane nacho.

Krimu ni matone madogo mno ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na kila tone limevikwa utando unaolizuia lisishikane na jirani yake. Maji yakiganda huwa fuwele za barafu. Fuwele hizo hutoboa ule utando na kuyabana matone pamoja, kisha barafu ikiyeyuka, mafuta yameshaungana. Chakula kikiganda polepole fuwele huwa kubwa zaidi, na uharibifu nao huzidi. Ndiyo sababu karibu kila ninachoelekeza hapa kinalenga kuganda haraka.

Sosi yako imeshikiliwa na nini?

Krimu nzito, ya mafuta asilimia 35 na kuendelea, huvumilia friza kuliko krimu nyepesi, nayo krimu nyepesi huvumilia kuliko maziwa matupu. Sosi ya maziwa iliyokolezwa kwa siagi na unga wa ngano huwa na tatizo jingine: wanga ukiganda hujikunja na kukamua maji, sosi ikabaki kama sifongo. Kornflawa hufanya hivyo pia, tena kwa kiasi kikubwa. Ukijua mapema kwamba chakula kitabaki, tumia wanga wa muhogo au unga wa mchele wa kunata, hasa huo wa mchele. Chizi ngumu iliyoyeyuka ndani ya sosi haina shida kubwa, huacha chenga kidogo tu.

Sosi iliyokolezwa kwa viini vya mayai usiigandishe, wala yenye mayonesi. Hizo zikikatika ni vigumu sana kuzirudisha. Mtindi na krimu chachu nazo hukatika upesi, kwa hiyo kama chakula bado hakijatiwa, gandisha bila hivyo uvitie siku ya kupasha.

Angalia pia kilichomo ndani ya sosi. Vipande vya viazi vilivyochemshwa hutoka friza vikiwa na majimaji na ladha ya mchanga mdomoni, kwa hiyo vitoe uvile kesho yake. Viazi vilivyopondwa kwa siagi na krimu havina neno. Pasta huendelea kunywa sosi hata kwenye friji. Kama bado hujavichanganya, gandisha sosi peke yake na uchemshe pasta mpya. Kama umeshachanganya, ongeza vijiko 2 au 3 vya maziwa kwa kila sahani kabla ya kugandisha.

Kupoza

Hapa hakuna mjadala: ndani ya saa 2 tangu kitoke jikoni, chakula kiwe kwenye friji. Bakteria huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na friza haiwaui, huwalaza tu. Baadhi yao huacha sumu isiyoondoka hata ukipasha chakula mpaka kichemke. Kiporo kilicholala mezani usiku kucha hakistahili friza, kitupe.

Sufuria nzima ya lita 3 ukiitia kwenye friji, katikati itabaki na joto kwa saa nyingi. Mimina chakula kwenye chombo kipana, kina kisizidi sentimita 5, ukiweke juu ya beseni la maji na barafu, ukoroge kila baada ya dakika chache. Kukoroga kunazuia pia ule utando mgumu usitande juu. Kikipoa, kitie friji mpaka kiwe baridi kabisa, ndipo kiende friza. Usingoje siku ya tatu. Fanya hivyo siku hiyohiyo au kesho yake.

Kufunga

Gawa kwa mlo mmoja mmoja, mililita 250 hadi 500. Mfuko wa friza ndio bora: jaza, kamua hewa yote, ulaze kwenye sinia la bati hadi unene uwe kama sentimita 2. Usiubebanishe na mingine mpaka ugande. Ukitumia bakuli, laza plastiki nyembamba juu ya sosi yenyewe, igusane nayo, na uache nafasi ya sentimita 2 chini ya kifuniko kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Andika jina na tarehe. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa ladha nzuri kile ndani ya miezi 2. Baada ya hapo hakidhuru, ila ladha hufifia.

Kuyeyusha na kupasha

Kihamishie kwenye friji usiku, si mezani. Mfuko uliolazwa bapa utakuwa umeyeyuka asubuhi.

Weka sufuria kwenye moto mdogo, tia kijiko 1 cha krimu mbichi kwa kila mililita 250, ukoroge taratibu. Dakika za mwanzo sosi itazidi kutisha, mafuta yakikimbilia pembeni. Usiongeze moto. Endelea kukoroga, utaona yanaanza kumezwa na rangi inarudi kuwa moja. Ikibaki na chenga, toa nyama na mboga kwa kijiko cha matundu, usage sosi kwenye blenda sekunde 20 hadi 30, kifuniko kikiachwa wazi kidogo mvuke utoke. Ikiwa nyepesi, koroga kijiko 1 cha chai cha kornflawa kwenye kijiko 1 cha chakula cha maziwa baridi, utie, uache itokote polepole kwa dakika 1.

Katikati ya chakula pafike nyuzi 75, lakini sosi isitokote kwa nguvu. Vipovu vidogo pembeni vinatosha. Kwenye maikrowevu tumia nusu ya nguvu na ukoroge kila dakika. Vyakula vya kuoka, kama lazanya, vifunike kwa foili kwenye oveni ya nyuzi 180, uifunue dakika 10 za mwisho.

Onja chumvi mwisho, kwani hufifia kwenye friza, ilhali kitunguu saumu na pilipili manga huweza kukolea hadi uchungu. Pasha kiasi cha kuliwa tu, na kitakachobaki kisirudi tena friza.