Jifunze tamathali za semi kwa sikio kwanza

Nikiwa kidato cha pili tulipewa orodha ya tamathali 20, yaani njia za kupamba usemi, tuzikariri. Nilizikariri zote. Mtihanini likaja shairi, tukaambiwa tutaje tashihisi iliyomo. Maana yake niliijua, yenyewe sikuiona. Leo nafundisha Kiswahili hapa Jinja, Uganda, na wanafunzi wangu wanaanza na sentensi. Jina linakuja mwisho.

Tafuta daftari dogo la kutembea nalo. Kila siku andika sentensi tatu ulizozisikia, vilevile zilivyotamkwa. Sokoni mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, mukene wangu wanakuita!" Mukene ni dagaa wetu, na hao walikuwa wamekauka kwa jua. Jiulize: ni jambo gani hapo haliwezekani? Samaki amepewa sauti ya mtu. Ukishaliona hilo, andika pembeni: tashihisi. Vitabu vingine huiita uhuishi, usibabaike.

Tashbihi na sitiari zipe wiki nzima, maana hizo ndizo zinazowachanganya wengi. Mvua ikinyesha, nauli ya teksi ya Kampala hupanda papo hapo. Abiria akilalamika kwamba konda anageuka kama kinyonga, hiyo ni tashbihi: vitu viwili vimewekwa bega kwa bega, na neno "kama" limesimama katikati. Akisema "konda huyu ni kinyonga", ni sitiari. Kiunganishi kimeondoka, mtu amekuwa mnyama mwenyewe. Mbali na "kama", sikiliza pia "mithili ya", "mfano wa" na "utadhani".

Lakini "kama" isikudanganye. "Kama mvua ikinyesha, sitakuja" ni sharti tu. "Dada yangu ni mrefu kama wewe" ni kulinganisha kimo cha watu wawili, hakuna picha yoyote iliyochorwa. Makosa mengi ninayosahihisha yako hapa hapa.

Chuku, yaani kutia chumvi, haisumbui: "Nimengoja teksi mpaka nimeota mvi." Takriri nayo ni neno linalorudiwa kwa kusisitiza, utaisikia kila mahubiri ya Jumapili.

Tanakali za sauti, yaani maneno yanayoigiza sauti au hali ya kitu, mimi nazipenda kuliko zote, na Mganda yeyote anazo tayari nyumbani. Anayesema kwa Kiganda kitu ni cheusi *zigizigi* hahitaji maelezo marefu kuelewa "nyeusi tititi", "nyeupe pe" au "kimya ji". Andika ya kwenu upande mmoja wa ukurasa na ya Kiswahili upande wa pili. Wanafunzi wangu hubishana kwa furaha juu ya kurasa hizo.

Daftari likijaa, ingia kwenye ushairi. Mstari ni mshororo, na mishororo ikipangwa pamoja ni ubeti; wa mishororo minne huitwa tarbia. Mizani usiihesabu kwa macho, piga makofi, kofi moja kila silabi:

*Jinja mimi nimefika, mtoni maji yacheza.*

Makofi manane, pumzika, manane tena. "Jinja" ni mawili: ji, nja. "Mtoni" ni matatu, kwa sababu ile *m* ya mwanzo inasimama yenyewe: m, to, ni. Ukipata mawili, rudia polepole. Kisha tazama maji yanafanya nini mle mtoni, ufungue daftari lako ukurasa wa mukene.