Mtoto aliyeletwa Lubumbashi "kusoma": hatua za kumtoa utumwani

Kila mwezi wa tisa wanashuka Lubumbashi watoto kutoka Kasenga, Pweto na kwingine, wametumwa na wazazi kwa ahadi moja: "Tanti atakusomesha." Wengine wanasomeshwa kweli. Wengine daftari hawalioni. Mimi ni asistanti sosiali (mtumishi wa ustawi wa jamii) wa komini, na haya nayaandikia mashefu wa kartie, makarani na polisi, kwa sababu habari hizi zinafika kwenu kwanza.

1. Sikiliza jirani, lakini usibishe hodi

Jirani atakuambia: binti anachota maji saa kumi ya usiku, anauza mandazi sokoni mpaka giza, analala kwenye simenti ya jikoni hata mwezi wa saba na baridi yake. Andika tarehe, avenyu, na nani aliyeona kwa macho yake. Usimwite mama mwenye nyumba.

Mwanzoni mwa kazi nilimwita. Nilitaka kusikia pande mbili, kama tunavyofanya kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Jioni ile ile binti alihamishwa, tukaambiwa amevushwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Sikumwona tena, na mpaka leo uso wake haunitoki.

2. Ongea na mtoto peke yake

Usimwulize "Unateswa?" Atakataa, ndivyo alivyofundishwa. Mwulize mambo ya siku: Jana ulikula saa ngapi? Unalala wapi? Mara ya mwisho kuongea na mama yako ilikuwa lini? Kisha hili: "Mwanangu, ukitaka kurudi kwenu kesho, nani atakuzuia?"

Binti mmoja alinijibu, "Mama, nauli yangu haijaisha." Alikuwa ametumika miaka miwili kulipia safari ya basi. Deni ambalo mwenye nyumba peke yake ndiye anajua limebaki kiasi gani ni kamba ya shingoni.

Msibishane juu ya kama alikubali kuja. Kwa Itifaki ya Palermo, mapatano ya Umoja wa Mataifa ya kuzuia biashara ya watu, ambayo Kongo iliingia mwaka 2005, mtu wa chini ya miaka 18 akichukuliwa ili atumikishwe, kukubali kwake si kitu. Katiba ya 2006, kifungu cha 16, inakataza utumwa na kila hali inayofanana nao. Mtoto anayeosha mawe ya madini ni vilevile: usiulize kama alipenda, uliza nani anachukua pesa.

3. Mtoe, na umpe pa kulala

Nendeni pamoja, asistanti sosiali na polisi ya ulinzi wa mtoto na mwanamke. Pa kulala patafutwe kabla ya kwenda: familia ya kumpokea au kituo, kisha mpeleke habari kwa jaji wa tribinali ya watoto ili athibitishe. Asilale amigo, yaani mahabusu ya polisi, hata usiku mmoja. Mtoto aliyefungiwa amigo anaelewa kwamba mkosaji ni yeye.

Kama kuna dalili ya kubakwa, hospitali ndiyo kwanza. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inatakiwa ianze ndani ya saa 72. Maswali ya faili yatasubiri.

4. Kataa mapatano

Hapa ndipo kesi nyingi zinafia. Wazee wanafika, mchungaji anafika, mjomba anapiga simu kutoka kijijini. Inatolewa franga kidogo na kitenge cha kumpelekea mama mzazi, karatasi inatiwa saini, shefu anaona ameponya ukoo. Na mtoto? Usiku ule ule anarudi jikoni kule kule.

Shefu wangu, nakuheshimu. Ugomvi wa kiwanja, deni la sokoni, bibi na bwana waliokosana, hayo ni yako na unayaweza kuliko sisi. Hili ni kosa la jinai. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa anayeuza au kusafirisha mtoto kifungo cha miaka 10 hadi 20, na sheria ya Desemba 2022 imeingiza biashara ya watu katika kitabu cha sheria za makosa ya jinai. Kama kuna ubakaji, sheria za 2006 zimekataza hata faini ya kumalizia kesi. Wajibu wazee kwa sauti ya upole: "Faili limekwenda parke, kwa mwendesha mashtaka." Na liende kweli, siku hiyo hiyo.

Ndani ya faili hesabu miezi aliyofanya kazi bila mshahara. Wengi wanaisahau hesabu hiyo, na bila hiyo hana cha kudai.

5. Kumrudisha kwao kusiwe mbio

Kwanza jua nani alimtuma. Wazazi wengi walidanganywa; lakini aliyepokea pesa atamtuma tena. Kama hana cheti cha kuzaliwa, omba hukumu ya tribinali inayosimama badala yake. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, basi mwandikishe kabla gari halijaondoka.

Baada ya mwezi, mpigie shefu wa kijiji. Akikuambia mtoto yuko salama, mshukuru, kisha mwombe ampe mtoto simu.