Namna ya Kutumia Vifupisho kwa Usalama katika Faili la Mgonjwa

Mwongozo huu ni kwa wauguzi na matabibu wanaojaza mafaili kwa mkono. Kabla ya kuandika kifupisho chochote, mfikirie mwenzako wa zamu ya usiku atakayekisoma wakati wewe umeshaondoka.

Hatua ya kwanza: safisha vipimo vya dawa. Hapa ndipo penye hatari kubwa, hivyo anzia hapa. Ukiandika "10U" za insulini kwa haraka, herufi U husomeka kama sifuri na mgonjwa huchomwa 100, yaani mara kumi ya dozi yake. "IU" nayo husomeka "IV" au 10. Nchini Marekani, Joint Commission, chombo kinachotoa ithibati kwa hospitali, kilivikataza vifupisho hivi viwili mwaka 2004. Andika neno zima la yuniti, kwa lugha ileile ya chati yako. Alama ya "µg" huonekana kama "mg", ambayo ni kubwa mara 1000, kwa hiyo andika mikrogramu kwa kirefu. Usiweke sifuri baada ya nukta, kwa sababu 5.0 husomeka 50. Lakini usiiache kabla ya nukta, kwa sababu .5 husomeka 5.

Hatua ya pili: andika majina ya dawa kwa ukamilifu. Wodi ya wazazi huandika "MgSO4", yaani magnesiamu salfeti, kila siku kwa ajili ya kifafa cha mimba, na humo ndani kila mtu huielewa. Lakini mama huyo akihamishiwa wodi nyingine, mtu anaweza kuichanganya na "MSO4", ambayo ni mofini, dawa kali ya maumivu. "AZT" ni zidovudini, dawa ya VVU, kwa mmoja na azathioprini kwa mwingine, na azathioprini hushusha kinga ya mwili, jambo ambalo mtu anayeishi na VVU hapaswi kabisa kufanyiwa kwa bahati mbaya.

Hatua ya tatu: eleza muda kwa maneno. "OD" ni mara moja kwa siku, ila kwa wataalamu wa macho ni jicho la kulia. Badala ya "5/7", andika siku 5.

Hatua ya nne: fafanua vipimo na magonjwa. Niliwahi kuandika "BS" nikikusudia sukari ya damu (blood sugar), na mwenzangu akaisoma "blood slide", akachukua damu ya kuangalia vimelea vya malaria. Mgonjwa alikaa saa kadhaa bila sukari yake kujulikana, na kosa lilikuwa langu. Tangu hapo huandika jina zima mara ya kwanza, kifupisho kikifuata kwenye mabano, na huanza upya katika kila ukurasa. Katika barua ya rufaa na fomu ya ridhaa situmii kifupisho hata kimoja.

Hatua ya tano: usikisie. Ukikuta kifupisho chenye utata, zuia dawa hiyo kwanza, mpigie aliyeandika, kisha andika maelezo aliyokupa pamoja na saa, jina na sahihi yako. Maandishi ya awali yasifutwe: aliyeyaandika ndiye atakayeyakata kwa mstari mmoja unaoacha yasomeke, aweke sahihi, na kuandika agizo jipya chini yake.