Kubadilishana biskuti za sikukuu nyumbani: anza na hesabu

Kila mgeni anaoka aina moja tu ya biskuti, anakuja nazo nyingi, kisha anarudi kwake na aina zote za wenzake. Nimeandaa shughuli hii nyumbani sikukuu kadhaa sasa, na kila ilipoharibika chanzo kilikuwa hesabu au ufungaji. Mapishi hayajawahi kuniangusha.

1. Alika wiki tatu au nne kabla. Watu wanane, ukiwemo wewe, wanatosha. Wakizidi kumi, kila mmoja ataoka mpaka usiku wa manane na atafika kwako hoi.

2. Piga hesabu. Mko wanane na kila mmoja anachukua sita za kila aina, zake zikiwemo: 48. Ongeza 12 za kuonja pale pale. Basi kila mtu aoke 60, na namba hiyo iandike kwenye mwaliko. Ukisema tu "njoo na za kutosha", mmoja ataleta 20, mwingine 100, na yule wa 20 atakaa jioni nzima akiona haya. Kumpa mgeni namba ni kumsitiri.

3. Kila mtu ataje aina yake mapema. Aliyewahi kutaja ndiye mwenye nayo. Mwaka mmoja sikuuliza, wakaja wanne na biskuti za chokoleti. Uliza pia nani ana mzio wa karanga, maziwa, mayai au ngano, na kila mwokaji aje na kadi yenye orodha ya vitu alivyotumia. Biskuti zenye krimu ya kuhitaji friji nazikataa kabisa, kwa sababu hazifai kukaa mezani zaidi ya saa mbili.

4. Oka kwa awamu. Kanda unga wiki mbili kabla, ufinyange vidonge, uvipange kwenye trei bila kugusana na uvigandishe. Vikishakuwa vigumu vitie kwenye mfuko. Siku ya kuoka usiviyeyushe. Ongeza dakika moja au mbili tu.

Hapa kwenye tanuri ndipo pa kutulia. Biskuti laini zitoe kingo zikianza kushika rangi ya dhahabu, katikati bado pakibonyea; joto la trei litamalizia kazi. Ziache dakika tano, kisha zihamishie kwenye wavu zipoe. Kabla ya kufunga, geuza moja uiguse chini. Ukihisi uvuguvugu hata kidogo, subiri. Niliwahi kufunga mkebe kwa haraka. Asubuhi kifuniko kilikuwa na matone ya maji kwa ndani, na biskuti zilizokuwa zikivunjika kwa mlio zimelegea kama mkate. Zile za kupambwa kwa sukari ya unga ziachwe wazi usiku kucha, la sivyo mapambo yatagandana.

5. Panga meza. Isogeze mbali na ukuta ili watu waizunguke wote kwa mwelekeo mmoja, wakihesabu sita sita. Za kuonja ziwe kwenye sahani zao, pembeni, hesabu isiguswe. Weka chai, kahawa, maji na kitu cha chumvi, kwa sababu baada ya biskuti tatu ulimi huchoka na utamu.

6. Fungeni kwa kutenganisha. Usichanganye laini na kavu katika mkebe mmoja: unyevu huhama kutoka kwenye laini, na zile kavu hupoteza mlio. Zenye mnanaa zikae peke yake kabisa, maana harufu yake huingia kwenye kila kilicho jirani. Kati ya tabaka na tabaka tandika karatasi ya kuokea. Wewe mwenyeji weka mikebe mitupu miwili mitatu ya akiba. Hakosekani aliyesahau wake.

Waambie wageni pia kwamba biskuti kavu zikilegea njiani, dakika tano hivi kwenye tanuri la nyuzi 150 za Selsiasi, kisha kuziacha zipoe, huzirudishia mlio wake.