Kumwanzishia mzee mazoezi: kiti kwanza

Mama ana miaka 76. Alipoanza kuniuliza jambo lile lile mara tatu kwa asubuhi moja, nilikimbilia kumnunulia kitabu cha mafumbo. Hakukigusa. Daktari alipima presha na sukari, akachungulia masikio, akapitia dawa zake zote, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: kwa siku huyu mama anatembea kiasi gani? Nikanyamaza. Kazi zote za nyumbani nilikuwa nimemnyang'anya kwa jina la heshima.

Kama na wewe una mzee wa namna hiyo, usianze na matembezi. Anza na kiti. Kiwe kigumu, kisicho na magurudumu, na ukiegemeze ukutani kisije kikateleza. Mzee akae mbele kidogo, nyayo zote chini, visigino avivute nyuma ya magoti, ainame mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo asimame. Siri iko hapo kwenye pua. Mama alikuwa anajaribu kunyanyuka mgongo umenyooka kama askari, anarudi chini pu! Alipoinama, akainuka bila kushika kitu. Kushuka nako ni zoezi: ahesabu moja mpaka tatu kabla hajagusa kiti. Siku ya kwanza alifanya mara nne akasema, "Mwanangu, unataka kuniua?" Nne zilitosha. Kwa mwenye dawa za presha, asimame taratibu, atulie kwanza kizunguzungu kipite.

Miguu ikishapata nguvu, tokeni nje. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na oksijeni hiyo inaletwa na damu. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2011, wazee 120 waligawanywa: wengine watembee, wengine wanyooshe viungo. Baada ya mwaka, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kujenga kumbukumbu, ilikuwa imeongezeka kama asilimia 2 kwa watembeaji, na kwa wale wengine imepungua. Utafiti mmoja haumalizi maneno, na kwenye mtihani wa kumbukumbu makundi yote mawili yalisogea mbele. Mimi niliiba ratiba yao tu: dakika 10 mwanzoni, kila wiki unaongeza 5 mpaka zifike 40, siku tatu kwa wiki.

Mwendo uwe wa kuhema kidogo: aweze kuongea, asiweze kuimba. Mama akimsengenya jirani dakika nzima bila kukata pumzi, najua tunatembea kivivu. Akibakiwa na maneno mawili mawili, tunapunguza. Kifua kikibana, hapo ni kusimama na kutafuta daktari, hakuna cha "nitamalizia kidogo".

Mwezi wa pili niliongeza mchezo: ataje majina ya watu yanayoanza na M huku tunatembea. Alitaja mawili, la tatu likamsimamisha kabisa njiani. Nilidhani amechoka. Kumbe kutembea nako kunatumia akili, na mzee anayelazimika kusimama ili aongee yuko kwenye hatari zaidi ya kuanguka. Kwa hiyo mchezo huu uwe mahali tambarare, umeshika mkono wake. Kwenye ngazi au mnapovuka barabara, kimya.

Usawa wa mwili, yaani kusimama bila kuyumba, tunaufanyia mazoezi kwenye sinki: unyayo mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde 10, mikono karibu na ukingo. Basi.

Shirika la Afya Duniani linataka wenye miaka 65 na zaidi wafikishe angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu siku mbili, na ya kuzuia kuanguka siku tatu. Usimtajie mzee hiyo 150 siku ya kwanza. Mimi nilimtajia, akavua viatu.

Sasa nikimwona hana hamu namwambia twende mpaka getini tu. Siku nyingi tukifika getini anaendelea mwenyewe. Siku nyingine anageuka kurudi kulala, nami naandika sifuri kwenye kalenda.