Kunasa fuwele ndani ya vidonge vya dawa amofasi

Dawa kama itrakonazoli na takrolimasi hutawanywa ndani ya polima katika hali ya amofasi, yaani molekuli zake hazijajipanga kuwa fuwele, ili zimumunyike upesi. Unyevu wa pwani, kama wa Bagamoyo wakati wa masika, ukipenya kwenye kidonge hulegeza polima. Molekuli zikipata nafasi ya kusogea hujipanga, na fuwele huanza. Kipimo cha kawaida cha kumumunyika mara nyingi hakizioni. Kimiminika cha kipimo kikiwa na SLS nyingi (sodiamu lauri salfeti, kemikali kama sabuni inayosaidia dawa kumumunyika), fuwele nazo humumunyika, na kidonge kilichoharibika kinafaulu.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuchagua kimiminika. Pima umumunyifu wa fuwele na wa amofasi ndani ya kimiminika kilekile, nyuzi 37, kisha dozi iangukie katikati yake. Tuseme umumunyifu wa fuwele ni mikrogramu 20 kwa mililita na wa amofasi 100. Kidonge cha miligramu 50 katika mililita 900 hufikia 55.6. Kizima kitamumunyika chote. Chenye fuwele asilimia 20 kitakwama karibu na 44, maana kimiminika kimeshapita kiwango ambacho fuwele zingeweza kumumunyika. Ukiona vyote viwili vinafika asilimia 100, punguza SLS.

Andaa vidonge vya kulinganishia vyenye fuwele asilimia 0, 5, 10 na 20. Vingine viache bila pakiti ndani ya desiketa (chombo cha kioo kinachofungwa kisipitishe hewa), nyuzi 40, juu ya maji yaliyoshiba chumvi. Humo unyevu husimama karibu asilimia 75. Tumia sodiamu kloridi safi ya maabara. Chumvi ya mawe ya mashamba yetu ya pwani ina magnesiamu, nayo hushusha unyevu huo bila wewe kujua.

Ondoa hewa: pasha kimiminika hadi nyuzi 41, kichuje kwa vakyumu, kisha endelea kuvuta hewa huku ukikoroga kwa dakika 5. Pima vidonge 6 kwa kifaa chenye kasia la kukoroga kimiminika, mizunguko 75 kwa dakika. Kwa mizunguko 50 unga hujirundika kilima chini ya kasia, ukadhani ni fuwele. Chukua sampuli dakika ya 5, 10, 15, 30, 60 na 120.

Kosa linaloumiza zaidi liko kwenye bomba la sindano. Chuja palepale kwa kichujio cha mikroni 0.45, mwaga mililita 5 za mwanzo, halafu changanya kilichochujwa na methanoli kiasi sawa, papo hapo. Ukitia methanoli kabla ya kuchuja, fuwele zitamumunyika humo na jibu litakuwa zuri la uongo. Ukichuja kisha ukaacha vichupa chini ya kiyoyozi, fuwele mpya zitaota ndani yake na utakilaumu kidonge kisicho na kosa.

Chora grafu ya dawa iliyomumunyika kwa muda. Mstari wake ukitulia chini tangu dakika ya 30, fuwele zilikuwemo tayari. Ukipanda kisha ukashuka, zimeota ndani ya chombo, pengine kwa kuchochewa na chache zilizokuwemo. Ukiwa bado unapanda polepole hadi dakika ya 120, shuku kidonge kilichokuwa kigumu. Saga kimoja, urudie, na unga wake uupitishe kwenye hadubini ya mwanga uliopolaraizika. Fuwele nyingi za dawa hung'aa humo, amofasi hubaki giza.