Alama za kurudia kwenye nota za shamisen: zisome kabla ya kushika bachi (kifaa cha kupigia nyuzi)

Anayeanza shamisen, ala ya Kijapani yenye nyuzi tatu, huzoea namba za nota haraka. Kinachompoteza ni njia: wimbo unarudi wapi, unarudi mara ngapi, na unatokea wapi kwenda mwisho. Nitaeleza hilo kwa kutumia Sakura Sakura, wimbo wa kale wa Kijapani ambao wengi huanza nao. Ni mfupi, na umejaa marudio.

Hatua ya 1: Ujue ukurasa ulio mbele yako

Ninazungumzia bunkafu, mfumo wa nota wenye mistari mitatu ya kulala. Kila mstari ni uzi mmoja. Mstari wa juu ni uzi wa tatu, ule mwembamba. Wa chini ni uzi wa kwanza, ule mnene. Ukiipakata shamisen mambo yanageuka, kwa sababu uzi mnene ndio unaokuwa juu, karibu na uso wako. Jizoeze hilo mapema.

Namba inakuonyesha mahali pa kubana uzi kwenye shingo ya ala, na 0 ni uzi unaopigwa bila kubanwa. Kistari chini ya namba kinafupisha nota iwe nusu ya pigo. Mistari ya wima inagawa wimbo katika vipimo. Ukikuta nota zinazosomwa kutoka juu kwenda chini, kuanzia kulia, huo ni mfumo mwingine na una taratibu zake.

Hatua ya 2: Weka nyuzi katika honchoshi, mpangilio wa sauti za nyuzi

Uzi wa kwanza na wa tatu ni sauti moja iliyopishana kwa oktavu. Wa pili uko nota ya nne juu ya wa kwanza, kwa mfano si, mi, si. Kwa mpangilio huu Sakura yote inapigika kwa namba tatu tu: 0, 1 na 4.

Hatua ya 3: Vipe vipimo majina

Hapa namba ya kwanza ni uzi, ya pili ni mahali pa kubana. Mabano yanaonyesha nota mbili zinazogawana pigo moja.

A: 2-4, 2-4, 3-0 (mapigo mawili)
B: 2-4, 3-0, 3-1, 3-0
C: 2-4, (3-0, 2-4), 2-1 (mapigo mawili)
D: 2-0, 1-1, 2-0, 2-1
E: 2-0, (2-0, 1-1), 1-0 (mapigo mawili)
F: 2-0, 2-1, (3-0, 2-4), 2-1
G: 2-0 (mapigo manne)

Vipimo saba tofauti, basi. Wimbo mzima una 14.

Hatua ya 4: Fuata nukta

Alama ya kurudia ni mstari wima mnene wenye nukta mbili ubavuni. Nukta zikiwa kulia kwa mstari, hapo ndipo kipande kinapofunguka. Zikiwa kushoto, kipande kinafungwa: rudi kwenye ufunguzi, piga tena, kisha pita. Sakura inaweza kuandikwa hivi:

‖: A :‖: B C D E :‖: A :‖ F G

Kabla ya kugusa ala, chukua penseli uandike njia yote kwa urefu: A A B C D E B C D E A A F G. Hesabu, lazima upate 14. Mimi simruhusu mwanafunzi kupiga wimbo mpya kabla hajaniandikia njia hii pembeni mwa karatasi.

Mara nyingi alama ya kufungua haiandikwi mwanzoni kabisa mwa wimbo. Ukikutana na ya kufunga bila kuona ya kufungua, rudi mwanzo. Na isipoandikwa idadi yoyote, kurudia maana yake ni kupiga mara mbili kwa jumla. Kwenye nota zilizoandikwa kwa mkono utakuta pia maneno くり返し, yaani rudia, au 三回, mara tatu. Hayo maandishi mawili yakae kichwani hata kama husomi Kijapani.

Hatua ya 5: Visanduku, D.C. na D.S.

Mstari uliochorwa juu ya vipimo na kuandikwa 1 ni njia ya mara ya kwanza. Ukirudi, unakiruka kisanduku hicho chote na kuingia kilichoandikwa 2. D.C. inakurudisha mwanzo kabisa, na unasimama penye neno Fine. D.S. inakurudisha kwenye herufi S iliyokatwa kwa mstari na yenye nukta mbili. Duara lenye msalaba ni mahali pa kurukia kipande cha kumalizia. Baada ya D.C., kwa kawaida marudio ya ndani hayapigwi tena, isipokuwa kama nota zimeagiza.

Hatua ya 6: Fanyia mazoezi maungio ya vipimo

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Tazama mwisho wa E: 1-0 inayovuma mapigo mawili. Uzi haubanwi, kwa hiyo mkono wa kushoto uko huru; utumie muda huo kuusogeza kutoka 1 hadi 4. Ukisubiri sauti iishe ndipo usogee, utachelewa.

Sasa angalia mtego. Mara ya kwanza E inakwenda B, mara ya pili inakwenda A, na vyote viwili vinaanza na 2-4. Mkono hauoni tofauti yoyote, na ndiyo maana wengi hujikuta wakipiga B mara ya tatu. Tofauti iko kwenye nota ya pili: A inabaki uzi wa pili, B inahamia wa tatu.

Dawa yake ni kuchijamisen, yaani kuimba nota za shamisen kwa mdomo, jinsi walimu wa Japani walivyofundisha kwa karne nyingi. Uzi wa pili uliobanwa ni tsun, wa tatu mtupu ni ten, wa tatu uliobanwa ni chin. A inakuwa tsun, tsun, ten. B ni tsun, ten, chin, ten. Wakati 1-0 inavuma, taja kimoyomoyo silabi za kipimo kinachofuata. Piga E–B peke yake, kisha E–A, kisha A–F, mpaka mdomo uwe unatangulia mkono kila mara.

Hatua ya 7: Ukipiga na wenzako

Alama za nukta zilitoka kwenye nota za Ulaya. Shamisen iliishi muda mrefu bila hizo. Katika kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, kipande kifupi kinachosindikiza maneno ya mwigizaji hurudiwa mpaka amalize, hata kama ni mara nyingi kuliko mlivyozoea. Anayeamua ni tatejamisen, kiongozi wa wapiga shamisen, na ishara zake ni miito mifupi kama “yo!” na “ha!”. Kwa hiyo ukiwa kwenye kundi, ijue njia kwa moyo ili macho yasigande kwenye karatasi. Mwito ukitoka kabla ya idadi iliyoandikwa kutimia, fuata mwito.